Nilivyochagua Pikipiki kwa Masikio

Mwanangu, nawaona vijana wa mji huu mmerudia kupenda pikipiki za sura ya zamani, zile za taa ya duara, tangi la mviringo linalong'aa na kiti kirefu kilichonyooka. Nawasikia pia mkishindanisha milio. Mmoja anawasha yake, mwingine anawasha yake, mnasimama kando mmeinamisha vichwa kama watu wanaoonja mchuzi, kisha mnabishana ni ipi yenye sauti ya maana. Siwacheki. Na mimi niliwahi kusimama hivyo hivyo, hapa hapa Kakamega, nikiwa mwanamke kijana mwenye sare ya uuguzi na viatu vilivyojaa matope.

Nakumbuka ilikuwa asubuhi ya ukungu, katikati ya miaka ya tisini. Wakati huo boda boda zilikuwa baiskeli, na pikipiki ilikuwa kitu cha kugeuzia shingo. Mwanamke juu ya pikipiki ndiyo usiseme. Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa na baba yangu. Alikuwa mkaguzi wa shule za misheni, na alizunguka kwa pikipiki kubwa nyeusi iliyotoka Uingereza, yenye mlio mzito wa taratibu uliokuwa ukitikisa vikombe kabatini. Tulikaa Amalemba, mtaa wa hapa hapa mjini. Ijumaa jioni mama alikuwa akiusikia mlio ule ungali mbali, kule barabara ya Mumias, na papo hapo anainjika maji ya kuoga. Sisi watoto tunatoka nje kungoja. Baba alipokufa, pikipiki iliuzwa, na kwa muda mrefu Ijumaa jioni hakuna mtu nyumbani aliyependa kuzungumza.

Sasa, kanisa letu lilikuwa limeanzisha kazi ya kuwatembelea wagonjwa majumbani. Ilikuwa miaka ya ukimwi, na ukimwi wa wakati ule haukuwa na dawa kama leo. Hospitali zilijaa, mtu anarudishwa nyumbani akangoje mwisho wake, na mara nyingi hata jina la ugonjwa halitajwi. Watu walisema tu "ule ugonjwa", na hata hilo walilisema kwa kuteremsha sauti. Mimi nilipewa upande wa Shianda na vijiji vyake, ndani kabisa kwenye miwa. Nilikwenda kwa baiskeli. Nilikuwa nikifika miguu inatetemeka, nimechelewa, na wagonjwa wa mwisho nawafikia jua limekwisha kuegemea.

Wazee wa kanisa wakakubali ipatikane pikipiki, na kwa kuwa mimi ndiye nitakayeiendesha, wakaniachia nichague. Nilikwenda kwa Bwana Swaleh, mfanyabiashara mmoja wa pale mjini aliyeleta pikipiki na vipuri. Watu wake ni wa Mumias, na alimfahamu baba yangu. Alikuwa ameweka mbele ya duka pikipiki mbili mpya zilizotengenezwa kwa sura ya kale. Alinieleza kwamba ng'ambo kuna watu waliochoshwa na pikipiki zilizofunikwa plastiki kila mahali, wakarudia umbo la zamani, lenye injini iliyo wazi ambayo fundi yeyote anaifikia kwa spana. Hilo lilinifaa. Kule Shianda usingepata fundi wa mambo makubwa.

Zilikuwa karibu kufanana kama ndugu. Moja nyeusi, nyingine ya kijani kibichi ya jani la mgomba. Aliiwasha ya kijani kwanza. Ilitoa mlio mwembamba, mpole, kama cherehani ya miguu inayoshona chumba cha pili. Kisha akaipiga kiki ile nyeusi.

Mwanangu, niliutambua papo hapo. Ulikuwa mlio wa baba. Ule ule mzito, wenye nafasi kati ya pigo na pigo, unaousikia kifuani kabla haujafika sikioni. Nililazimika kutazama upande wa barabara ili Bwana Swaleh asiyaone macho yangu. Aliyaona hata hivyo. Ni mtu mwenye adabu, akajifanya anafuta taa kwa kitambaa.

"Chukua hiyo nyeusi uende nayo kazini siku kadhaa," akaniambia. "Halafu ujaribu na hii nyingine. Pikipiki haichaguliwi dukani."

Niliondoka nayo siku hiyo hiyo. Sitakudanganya, nilikuwa na furaha ya kitoto. Nilipopita mjini watu waligeuka. Nilipoingia njia za murramu, udongo mwekundu wa Shianda, watoto walitoka mbio kwenye miwa wakanifuata wakipiga mayowe ya kushangilia. Wanawake waliokuwa wakipalilia walinyoosha migongo, wakaweka viganja juu ya macho. Nilifika kila boma mapema, nikiwa na nguvu, na mfuko wangu wa dawa haukulowa. Nilijiambia kazi sasa imepata miguu.

Kati ya wagonjwa wangu alikuwamo kijana aitwaye Joab. Alikuwa dereva wa trekta za kuvuta miwa, mtu wa mabega mapana na vichekesho, lakini nilipoanza kumtembelea alikuwa amebaki macho na mifupa. Alilala katika nyumba yake ndogo nyuma ya nyumba ya mama yake. Mkewe, Rispa, aliuza mboga soko la Shianda. Mama yake tulimwita Kukhu Nanjala, maana kukhu kwa Kiluhya ni nyanya, na tayari alikuwa na wajukuu wengi. Alikuwa mama mfupi, mtulivu, mwenye kusema kidogo. Nilipokuwa nikienda kwa baiskeli alinipokea mlangoni, ananipa kiti, ananipa maji ya kunawa, na tukimaliza kwa Joab sikuondoka bila kula obusuma, yaani ugali, na mboga za kienyeji.

Siku ya kwanza niliyofika na pikipiki nyeusi, Kukhu hakusema kitu. Nilidhani amestaajabu. Joab alinigeuzia uso ukutani, akajibu maswali yangu kwa neno moja moja. Nilidhani ni homa.

Nilirudi baada ya siku chache. Nilizima injini uani, nikavua kofia, nikabisha hodi. Kukhu alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko akipukuchua maharagwe. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua kichwa. Rispa alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameikunja, anatazama chini.

Nikaingia kwa Joab. Kitanda kilikuwa kitupu. Blanketi moja halikuwapo, na shuka niliposhika lilikuwa bado na joto.

Nikatoka kuuliza yuko wapi. Rispa akaanza kulia kimya kimya. Kukhu akaweka ungo chini, akasimama, akanifanyia ishara nimfuate. Tulipita nyuma ya nyumba, tukaingia kwenye miwa.

Ilikuwa miwa mirefu, iliyokaribia kukatwa, na majani yake unayajua yanavyokata. Tulikwenda tumejikunyata, Kukhu mbele, akiyasukuma majani kwa kiwiko. Tukamkuta Joab ameketi chini kati ya mistari miwili, amejifunika blanketi hadi kichwani. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha udongo umelowa, na yeye alikuwa amelowa nao. Miguu yake ilikuwa na michubuko kila mahali. Alikuwa akihema kama mtu aliyetoka mbio ndefu, na umbali wenyewe ulikuwa ule wa kutupa jiwe.

Nilipiga magoti nikamshika mkono. Nikamwuliza kwa nini amefanya hivyo. Alichukua muda kupata pumzi ya kunijibu.

"Nilikusikia tangu darajani, sista," akasema. "Na kila mtu alikusikia. Nikaona wakija kuchungulia, afadhali wasikute mgonjwa."

Tulimbeba, Kukhu upande huu, mimi upande ule, Rispa nyuma ameshika blanketi. Alikuwa mwepesi kiasi ambacho sipendi kukumbuka. Tulimwosha, tukambadilisha nguo, nikamsafisha michubuko, nikampa dawa ya homa, na nikakaa hadi pumzi yake ilipotulia. Nje nilisikia sauti za watu kwenye ua. Mmoja alikuwa akimwuliza mtoto wa jirani kama mama daktari bado yumo ndani.

Nilipotoka, Kukhu alinisindikiza hadi penye pikipiki. Mwanangu, mama yule hakuwa mtu wa maneno mengi, na alikuwa ananiheshimu kwa sababu ya sare. Ungeona alivyokuwa anayatafuta maneno, anayageuza, asije akanivunjia heshima. Hatimaye akasema.

"Sista, ulipokuwa unakujanga na baiskeli, watu walisema unakuja kunipima mimi presha. Mimi niliwaacha waseme hivyo. Sasa hii kitu inaita watu kutoka barabarani mpaka mtoni. Tangu siku ile wanasimama kwa ua yangu wanauliza Joab anaumwa nini. Jana Rispa amerudi kutoka soko na mboga zake zote."

Akaigusa taa ya pikipiki kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa ng'ombe wa mwenzake.

"Nakuuliza tu. Umekuja kumtibu mtoto wangu, ama umekuja kumtangaza?"

Hakuuliza kwa hasira. Hilo ndilo lililonimaliza. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, ili ajipange.

Sikuiwasha pikipiki pale. Niliisukuma kwa mikono, kwenye matope yale, hadi barabara kubwa, na ile pikipiki ilikuwa nzito. Watu waliokuwa uani walinitazama wakidhani imeharibika, na niliwaacha wadhani. Njiani nilikuwa nikiwahesabu moyoni wagonjwa wangu wengine niliowatembelea wiki ile, nyumba kwa nyumba, nikijiuliza ni nani mwingine aliyetamani kujificha akakosa nguvu za kuondoka kitandani.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Enos alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kufikiri polepole. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema anaogopa pikipiki ya kimya. Barabara za miwa zina matrekta, dereva amekaa juu anavuta matela, haoni nyuma. Zina watoto na ng'ombe wanaotokea ghafla. Afadhali wakusikie, alisema, kuliko nije niitwe shuleni niambiwe umelala mtaroni.

Na alikuwa na haki, mwanangu. Nataka ulione hilo. Usidhani jambo hili lilikuwa na upande mmoja tu. Bwana Swaleh naye, niliporudi kwake asubuhi iliyofuata, aliniambia kwamba pikipiki isiyo na sauti haiheshimiwi barabarani. Kisha akanitazama, akaongeza kwa upole kwamba baba yangu asingechukua ile ya kijani.

Nilimwambia ni kweli. Nikamwambia baba alikuwa anatembelea shule.

Hapo hakubisha tena. Akatuachia pikipiki zote mbili, mimi na Enos, tukazijaribu kwa utaratibu, na nitakueleza tulivyofanya maana huenda ikakufaa.

Tulizijaribu asubuhi, zikiwa baridi, kabla mtu hajaziwasha. Injini iliyokwisha kupashwa moto ina tabia ya kujionyesha nzuri kuliko ilivyo. Tuliziweka mahali pamoja, pasipo na ukuta karibu, kwa sababu ukuta unarudisha sauti na kukudanganya. Niliziwasha moja baada ya nyingine, nikaziacha zilie zenyewe bila kuongeza mafuta. Nikasimama mbele, nikasimama kando, nikasimama nyuma penye ekzosi. Kando ya injini ya ile ya kijani nilisikia kitu kinagonga kidogo kidogo, tik, tik, nikaingiwa na wasiwasi. Fundi wa Bwana Swaleh akasema ni vali zinataka kurekebishwa, akazirekebisha papo hapo. Ndipo akatuonyesha kwamba ile nyeusi nayo ilikuwa na mlio huo huo wa kugonga, tena zaidi, ila mngurumo wa ekzosi uliufunika. Hilo nalo nililiweka akilini.

Kisha tukaenda kwenye mteremko wa nje ya mji. Enos akasimama juu, akafumba macho, akashika kitambaa. Mimi nikawa naondoka kwa mwendo wa kawaida, na yeye akinipoteza sikioni anainua kitambaa, na dada mmoja aliyekuwa akiuza ndizi pale, tuliyemwomba msaada, ananipungia mkono. Ile nyeusi ilivuka daraja, ikapita kanisa, ikapanda upande wa pili, na Enos bado anaisikia. Ile ya kijani alinipoteza kabla sijafika kwenye kona ya kwanza. Niliporudi aliniambia amedhani nimezima.

Ile ya kijani tuliipandisha mlima pia, sisi wawili juu yake, maana niliogopa kwamba ukimya wake ni udhaifu. Ilipanda. Ililalamika kidogo kwenye gia ya pili, sauti ikawa kama ya mama anayebeba mtungi, lakini ilipanda.

Enos alikaa kwenye nyasi kwa muda. Halafu akasema basi, iwe ya kijani, lakini tuifungie honi kubwa, na taa iwake hata mchana, na kila kona nipunguze mwendo kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Nikakubali yote matatu, na nimeyatimiza hadi nilipostaafu.

Kabla ya kuirudisha ile nyeusi, nilimwomba Enos anisubiri. Niliipanda peke yangu nikazunguka Amalemba mara moja, nikapita mbele ya nyumba tuliyokuwa tukikaa. Watu wengine walikuwa wakiishi humo, na mtoto wao mmoja alitoka mlangoni kutazama. Nikaipeleka dukani, nikamkabidhi Bwana Swaleh ufunguo. Nililia kidogo. Sioni aibu kukuambia.

Nilipofika kwa Kukhu Nanjala na pikipiki ya kijani, nilikuja kwa njia ya nyuma, ile inayofuata ukingo wa miwa, na mbwa ndiye aliyenisikia kwanza. Kukhu alitoka jikoni akafuta mikono kwenye leso. Aliitazama pikipiki, akanitazama mimi. Akaniletea maji ya kunawa. Baadaye aliketi uani, mahali ambapo kila apitaye njiani anamwona, akanyoosha mkono, akaniambia kwa sauti ya kutosha nimpime presha. Nikampima. Ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Joab alichukua muda kunisamehe, au labda kuniamini, sijui. Alikuwa akinijibu, lakini ule utani wake haukurudi. Hadi siku moja, nikimfunga kitambaa kwenye kidonda, akaniuliza nakuja na nini siku hizi, maana hasikii kitu, ananiona tu mlangoni kama mzimu. Nikamwambia nina pikipiki nyingine. Akaniomba niisogeze karibu na mlango, niiwashe, mlango uwe wazi. Nikafanya hivyo.

Alilala akisikiliza, macho ameyafumba. Alikuwa ameishi na injini ujana wake wote, na uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mtu anayesikia lugha ya kwao.

"Hii inashona nguo," akasema hatimaye.

Rispa alicheka kabla yangu. Nikamwambia hata mimi nilisema hivyo hivyo.

"Ningekuwa mimi, ningechukua ile ya kwanza," akasema.

"Hata mimi," nikamwambia. "Hata sasa."

Alifungua macho akanitazama. Hakuniuliza kwa nini basi sikuichukua. Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki, na kila nilipofika tulizungumza kwanza habari za pikipiki, imeamkaje, inameza mafuta kiasi gani, ndipo tuje kwenye homa.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa sababu hiki ndicho hasa nilichotaka kukusimulia.

Ilikuwa siku ya soko. Njia iliyopita mbele ya boma ilijaa watu wenye vikapu. Joab alikuwa ameamka na nguvu kidogo, kama inavyotokea kwa wagonjwa wa namna ile. Nilipofika aliniambia anataka kuketi juu ya pikipiki. Nikadhani ananitania. Akasema tena. Rispa akamletea shati safi, na tukamtoa nje tumemshika huku na huku.

Kukhu alipotuona alisimama mbele yetu. Alimwambia kwa upole kwamba njia imejaa watu, na watamwona. Akubali sista amrudishe ndani, watatoka tena jioni.

Joab alishika fremu ya mlango akapumzika. Kisha akasema, "Mama, wacha waone. Leo hakuna mtu amenitoa. Nimetoka mwenyewe."

Kukhu akatupisha.

Tulimpandisha. Mimi nilishika pikipiki upande mmoja, Rispa upande wa pili. Aliweka mikono yake kwenye hendeli, akaipapasa klachi, akaipapasa breki, kama mtu anayemsalimu mzee wa nyumba. Nikaiwasha. Akaisikiliza kidogo, halafu akakunja mkono wa mafuta hadi mwisho, na ile cherehani yangu ikapiga kelele ambayo sikujua inaweza kuipiga. Kuku walitawanyika. Njiani watu wote walisimama.

Walimwona, mwanangu. Walimwona alivyokonda, na midomo yake ilivyokauka, na macho yake yaliyokuwa yanacheka. Kisha mwanamume mmoja akaweka chini mfuko wake wa mbolea, akapita kwenye lango akaja moja kwa moja. Alikuwa dereva mwenzake, waliendesha trekta pamoja. Akasimama mbele ya taa akamwamkia, "Mulembe, Joab," maana yake amani iwe nawe, akampa mkono. Joab akaupokea. Akamwambia anaumwa, na akautaja ugonjwa wenyewe kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida, huku injini inanguruma polepole chini yake.

Yule rafiki hakuuachia mkono.

Si wote waliofanya kama yeye. Wengine walichukua vikapu vyao wakaenda, na wapo ambao hawakununua tena mboga kwa Rispa. Lakini wapo waliorudi, na yule rafiki alikuja kila Jumapili baada ya ibada na wenzake, wakamwogesha, wakamnyoa, wakampa habari za matrekta. Joab alifariki kabla miwa ile ya nyuma ya nyumba haijakatwa. Alifia kitandani kwake, mkavu, msafi, mama yake ameshika kichwa chake na mkewe ameshika miguu. Mazishi yake yalijaa watu. Mchungaji hakuhitaji kuzungukazunguka maneno, maana marehemu alikuwa amekwisha kujisemea.

Kukhu alinisindikiza siku hiyo hadi barabarani. Tulipofika akanishika bega, akaniambia nisichoke kuja, presha yake bado.

Kwa hiyo, mwanangu, ukienda kuchagua pikipiki, sikiliza. Iwashe ikiwa baridi. Simama mbali na ukuta. Sogea karibu na injini usikie kinachofichwa na ekzosi, kisha nenda mbali usikie kinachowafikia wengine. Ikiwa moyo wako utapenda mlio mzito, sitakulaumu, nami ningali naupenda. Lakini jiulize utakuwa unapita wapi na saa ngapi, na ni nani amelala nyuma ya ua asiyeweza kukuomba unyamaze. Na ukichagua ya kimya, uwe mwangalifu mara mbili barabarani, kwa sababu wasiokusikia hawawezi kukupisha.

Kisha kuna jambo kubwa kuliko pikipiki. Katika maisha utaaminiwa mambo ya watu, maradhi yao, aibu zao, misiba yao. Utakuwa na nia njema, na nia njema nayo hupiga kelele nyingi bila kujua. Mfikie mtu kwa utulivu. Mfungie mlango anapotaka ufungwe. Na siku akiamua kuufungua mwenyewe, usimzuie kwa kumhurumia. Mshike tu asianguke, umwache aseme kwa sauti yake.

Mungu akulinde kwenye kona zote usizoziona mbele. Akupe masikio yanayosikia hata wale wasiosema, na mkono usioachia mkono wa mwenzako watu wakitazama. Kila boma utakaloingia, wakukaribishe kwa maji ya kunawa, na ukiondoka, wabaki wakitamani urudi.